Mbegu Imeota, Mche Hauonekani: Namna ya Kuvusha Miche Kwenye Udongo Ulioziba

Kila msimu, wiki moja baada ya mvua za kwanza, simu yangu haipumziki. "Nimepanda alizeti, leo siku ya nane, sioni kitu, nirudie?" "Mahindi mstari mmoja umetoka, wa pili kimya, hizi mbegu si feki?" "Kunde zimetoka zimevunjika shingo, ni mdudu gani huyo?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi hili hapa jibu la wote.

Mara nyingi mbegu imeota vizuri tu. Iko pale chini, sentimita moja au mbili kutoka kwenye jua, inasukuma kitu: udongo uliokauka ukawa ukoko, bonge, jiwe, au nyasi ulizorundika mwenyewe ukidhani unasaidia. Kabla hujamlaani mwenye duka la pembejeo, fukua uone.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na nusu eka ya alizeti nje kidogo ya Dodoma. Usiku wa siku niliyopanda ilipiga mvua ya nguvu, halafu jua likawaka siku nne bila wingu. Siku ya nane shamba jeupe. Nikaenda nilikonunua mbegu, nikafoka mpaka wateja wengine wakakaa kando, nikanunua mbegu duka jingine na kupanda juu ya zile zile. Siku mbili baadaye ikanyunya kidogo tu, ukoko ukalainika, na alizeti za kwanza zikatoka karibu zote. Wiki iliyofuata zikatoka za pili. Nilitumia siku tatu kupunguza miche iliyobanana kama abiria wa daladala ya jioni, na kuomba radhi kule dukani nikaona aibu mpaka msimu mwingine.

Unachohitaji

- Jembe, na reki ya meno mafupi. Kama huna reki, tawi la mgunga lenye miiba mingi linafanya kazi hiyo hiyo.
- Kijiti kilichochorwa alama za sentimita 1, 2, 3, 5 na 7. Usitegemee kidole, vidole vyetu havilingani.
- Kijiko cha zamani au kisu butu cha kufukulia.
- Glasi moja inayopitisha mwanga, na maji ya mvua.
- Kopo au ndoo iliyotobolewa matundu madogo chini, kama huna keni ya kumwagilia.
- Nyasi kavu zisizo na mbegu, kiasi.
- Daftari. Tarehe ya kupanda na tarehe ya mvua lazima ziandikwe, maana ikifika siku ya saba kila mtu huapa kwamba ni siku ya kumi na mbili.

Shingo au mkuki?

Nadharia ni hii tu, na usiiruke, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinaitegemea.

Mimea ya shingo ni maharage, kunde, choroko, soya, alizeti, pamba, ufuta, maboga, tikiti, nyanya na mchicha. Chipukizi lake halitangulizi kichwa. Linajipinda kama ndoana, na mgongo wa ndoana ndio unaosukuma udongo. Kichwa, pamoja na zile nusu mbili za mbegu, kinakuja nyuma kikiburutwa, kama mtu anayepita mlango mwembamba kinyumenyume akivuta gunia. Ile ncha changa ya kukulia haigusani na jiwe hata siku moja.

Mimea ya mkuki ni mahindi, mtama, uwele, ngano na mpunga. Hapa mbegu inabaki chini. Kinachopanda ni mkuki mweupe: majani yamekunjwa ndani ya ala yenye ncha ngumu. Ala ikiona mwanga inaacha kukua, na majani yanaipasua na kufunguka.

Wapo wa katikati. Mbaazi, dengu na njegere huacha mbegu chini kama mahindi, lakini kichipukizi chao kinapinda shingo kama maharage. Karanga huleta mbegu yake hadi usawa wa udongo na kuishia hapo.

Sasa, chipukizi likikuta kitu kisichosogea, halisukumi kijinga mpaka livunjike. Linatoa gesi ya ethilini, ile ile inayofanya ndizi mbivu ziivishe mbichi ukizifungia pamoja, na gesi hiyo inapozidi ndani yake, mche unapunguza kurefuka, unanenepa, na kukaza mpindo wa shingo. Jambo hili lilianza kueleweka mwaka 1901 huko St. Petersburg, Urusi, pale Dimitry Neljubow alipoona njegere alizootesha gizani maabara zinakua fupi, nene, na kulala upande. Akafuatilia, akakuta chanzo ni ethilini iliyokuwa ndani ya gesi iliyotumika kuwashia taa enzi hizo. Kwa hiyo siku utakapofukua na kukuta shingo nene imejikunja chini ya ukoko, huo si ugonjwa. Mche unajitunisha ili uinue mzigo.

Ila chakula unachotumia ni kile kile kilichomo kwenye mbegu. Gizani hautengenezi kingine. Kila siku inayopita akiba inapungua, na ndiyo maana tarehe zina maana kubwa katika kazi hii.

Kabla ya kupanda

1. Pima udongo kwa glasi. Chukua kibonge kikavu cha udongo wa juu wa shamba lako, ukubwa wa harage. Kitumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge, subiri dakika kumi. Kikibaki kibonge, una bahati. Kikimomonyoka chote na kutandazika kama uji chini ya glasi, udongo wako utafunga baada ya mvua kubwa. Na kama maji yenyewe yamebaki meupe au mekundu kama chai ya maziwa hata baada ya saa kadhaa, hapo tatizo ni kubwa zaidi. Udongo huo una magadi, na ni vizuri umwone bwana shamba kuhusu kutumia jasi. Udongo mwekundu wa Dodoma na Singida, na kwa jirani zetu kule Machakos na Kitui, unajulikana sana kwa tabia hii ya kufunga, hasa pale ambapo samadi haijaingia shambani kwa miaka mingi.

2. Jaribu mbegu. Hesabu mbegu 50, zipange juu ya kitambaa kilicholowa, kizungushe kama mkeka, kiweke mahali penye joto na kisikauke. Siku ya 5 hadi ya 7 hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 40, ongeza mbegu shambani au tafuta nyingine. Ukifanya hivi, baadaye hutakuwa na haja ya kubishana na mtu kama mbegu ni feki.

3. Vunja mabonge, lakini usisage udongo. Bonge kubwa kuliko yai ni mzigo usiobebeka kwa mche wa kunde. Ila udongo uliopondwa ukawa unga ndio unaofunga upesi kuliko wote: matone ya mvua yanaupiga, chembe laini zinaziba vitundu, jua likiwaka unakuwa kigae. Lenga vipande vya kati ya punje ya hindi na ncha ya kidole gumba. Shamba zuri la kupandia linatakiwa lionekane limechafuka kidogo. Wapenda usafi mnisamehe.

4. Panda kwa kina kinachofaa, na kiwe sawa mstari mzima. Mahindi sentimita 5. Mtama 3 hadi 4. Karanga 5. Mbaazi 4 hadi 5. Maharage, kunde, choroko na alizeti 3 hadi 5. Ufuta 2. Kitunguu na mchicha 1, basi. Kwenye udongo unaofunga chukua kipimo kidogo, kwenye mchanga chukua kikubwa. Hindi linaweza kuvumilia hata sentimita 7 kwenye mchanga kwa sababu lina kijishina kinachorefuka kutoka kwenye mbegu hadi karibu na uso wa udongo. Ufuta hauna akiba ya safari hiyo.

Kosa la kawaida: kufuata kina cha jembe. Mpandaji akiwa na nguvu asubuhi anachimba sentimita 8, jua likipanda anachimba 3. Ndiyo ile "nusu ya shamba imetoka, nusu bado".

5. Bana chini, legeza juu. Bonyeza mbegu kwa kidole ishikamane na udongo wenye unyevu, kisha fukia kwa udongo uliochambuka na uuache hivyo. Usikanyage. Najua wazee wetu walikanyaga kwa kisigino, na kwenye mchanga hakuna ubaya. Kwenye udongo unaofunga, kisigino chako na mvua moja vinatosha kutengeneza sakafu.

6. Mimea ya shingo, panda mbegu 2 au 3 pamoja kwa shimo. Miche mitatu ya kunde ikisukuma sehemu moja kwa siku moja inainua kipande cha ukoko kama mfuniko wa sufuria. Mmoja peke yake unaishia kuvunjika. Utapunguza baadaye. Mahindi nayo yanafaidika kidogo na hili, lakini mkuki unapenya ufa mwembamba bila kuhitaji jeshi.

7. Tandaza nyasi nyembamba juu ya mstari. Nyembamba maana yake ukisimama wima unauona udongo katikati ya nyasi. Kazi yake ni kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Ukirundika tabaka nene la kiganja kizima, umehamisha kizuizi kutoka kwenye udongo ukakileta kwenye nyasi, na mche utakua mwembamba na mweupe humo ndani ukitafuta mwanga. Nyasi nene weka katikati ya mistari.

Baada ya kupanda

8. Andika mvua. Mvua kubwa ikifuatiwa na siku mbili tatu za jua kali kabla miche haijatoka ndiyo hatari yenyewe. Mvua za manyunyu kila siku hazina shida, ukoko haupati nafasi ya kukauka.

9. Siku ya 4, fukua. Usingoje wiki iishe. Chagua mashimo matano sehemu tofauti za shamba. Usichimbe kutoka juu, utakata shingo ukaja kunilaumu mimi. Chimba kishimo pembeni, sentimita 5 kutoka kwenye mbegu, kisha chokonoa udongo kuelekea mbegu taratibu kwa kijiko mpaka ukuta uanguke wenyewe.

Nieleze unachoweza kuona. Juu kuna kigae cha udongo, unene wa shilingi kadhaa zilizobebanishwa, chini yake laini na wakati mwingine kuna uwazi mdogo unaoingia kucha. Ndani ya uwazi huo kuna shingo ya kunde: nyeupe yenye wekundu kidogo, nene kuliko ulivyotarajia, imejikunja na mgongo wake umegusa kigae. Ukikigonga kigae kwa kucha, kinalia ko-ko-ko. Pembeni kidogo kuna mwenzake aliyekata tamaa ya kupanda, akageuka kutambaa usawa chini ya kigae akitafuta ufa. Huyo akiupata ufa atatoka vidole viwili kutoka mahali ulipompanda, na ndiyo maana mistari mingine inaonekana kama ilipandwa na mlevi.

10. Amua kutokana na ulichokiona.
   - Mzizi umetoka, shingo au mkuki bado uko chini ya nusu ya safari: ondoka, rudi baada ya siku mbili. Kwenye joto la Dodoma mahindi hutoka kati ya siku ya 5 na ya 7, kunde hata mapema zaidi. Huko Njombe au Makete, udongo ukiwa baridi, siku 14 si ajabu.
   - Shingo imenyooka vizuri lakini juu kuna kigae: nenda hatua ya 11 leo hii.
   - Shingo imeshagusa kigae na kujikunja: hatua ya 11 jioni ya leo, na uwe mpole sana.
   - Mbegu imeoza, inanuka, au ni ganda tupu: tatizo si ukoko. Soma sehemu ya matatizo hapo chini.

11. Maji kwanza, chuma baadaye. Kama unaweza kupata maji, lainisha ukoko jioni kwa kopo la matundu, kwa mwendo wa mvua ya rasharasha, juu ya mstari tu. Hutafuti kunywesha mmea. Unatafuta kulowesha sentimita ile ya juu. Rudia jioni inayofuata mpaka miche itoke, maana ukiacha ukoko ukauke tena utakuwa mgumu kama mwanzo. Usimwage kwa ndoo wazi wala kufungulia mfereji juu ya mstari: maji mengi yenye tope yakikauka ndiyo ukoko mpya, tena mnene kuliko ule wa kwanza.

12. Kama maji hakuna, vunja ukoko kwa mkono. Fanya kazi hii alasiri. Asubuhi shingo zimejaa maji na zinakatika kama bamia changa; alasiri zimelegea kidogo na zinapinda. Pitisha reki au tawi la miiba kwa kukatiza mistari, kwa uzito wake wenyewe bila kukandamiza, meno yaingie sentimita moja tu. Jaribu kwanza hatua tano, simama, fukua, hesabu shingo zilizovunjika. Ukikuta zilizovunjika ni nyingi kuliko moja katika kumi, acha reki, tumia vidole au kijiti kupasua ukoko pembeni mwa kila shimo bila kuinua kipande.

Onyo: ukiona kipande cha ukoko kimenyanyuka na miche inachungulia chini yake, usikibandue. Mara nyingi kimeshikana na vichwa vya miche, na ukikivuta unatoka navyo. Kipasue kwa ukucha katikati, vipande viangukie pembeni.

13. Subiri siku tatu, kisha hesabu. Pitia mstari wa mita 10 sehemu tatu. Rudishia mbegu kwenye mapengo tu, tena baada ya kufukua pengo hilo na kuhakikisha kwamba hakuna kitu kinachokuja. Shamba zima usilirudie mpaka umefukua angalau mashimo ishirini na kukuta mengi ni matupu. Hapa ndipo niliposhindwa mimi.

Kama unataka kuona kwa macho yako

Hii si lazima, lakini watoto wa nyumbani wataipenda, na wewe ukishaiona mara moja hutahitaji tena kunipigia simu.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo, toboa matundu matatu chini. Jaza udongo wa shambani wenye unyevu, acha vidole vitano kutoka ukingoni. Weka maharage matatu na mahindi matatu kuzunguka ukuta wa chupa, yakigusa plastiki ili uyaone kutoka nje. Funika kwa udongo sentimita 2. Sasa juu ya harage moja na hindi moja laza kigae bapa au kijiwe cha mtoni cha upana wa sarafu kubwa, kisha ongeza udongo sentimita 2 nyingine. Zungushia chupa gazeti tabaka nne au kitambaa cheusi, ukifunga kwa mpira, juu uache wazi. Gazeti ni la muhimu. Mwanga ukipenya ubavuni, miche inadhani imefika na inanyoosha shingo ikiwa bado chini.

Jioni, fungua gazeti nusu dakika, tazama, funga. Mwanzoni utaona mizizi tu, na wenye haraka hukata tamaa hapo. Kisha harage lisilo na kizuizi litapanda na ndoana yake moja kwa moja. Lile lililo chini ya kijiwe litagusa, litanenepa, litaanza kulala likifuata uso wa chini wa jiwe, na likifika ukingoni litapinda tena kuelekea juu. Mkuki wa hindi nao utateleza pembeni mwa jiwe, wakati mwingine ukijikunja kidogo kabla ya kupata njia. Linganisha unene wa shingo mbili za maharage siku ya mwisho. Utajua nilichokuwa nazungumza.

Ukipenda kuona ukoko, chupa ya pili mwagia kikombe cha maji yenye tope jioni ya siku ya kupanda, kisha iache juani mchana kutwa.

Matatizo na namna ya kuyatambua

Mahindi yamefungua majani chini ya udongo. Utakuta mkuki umepasuka, majani yamejikunja kama kizibuo na yana rangi ya manjano. Sababu kubwa mbili: ukoko uliozuia mkuki mpaka majani yakapasukia humo humo, au mabonge makubwa na nyufa zilizoruhusu mwanga kufika chini, ala ikaacha kukua kabla ya wakati. Fukua pembeni, legeza udongo juu yake. Likiwa limebakiza sentimita moja, linaweza kutoka. Likiwa chini zaidi ya hapo, rudishia mbegu.

Jani la hindi limechanika wakati wa kutoka. Usihangaike. Kitovu cha kukulia cha hindi kinabaki chini ya udongo mpaka mmea uwe na majani kama matano au sita. Jani jipya litakuja.

Harage limetoka bila kichwa. Kijiti kimesimama, juu hakuna kitu. Hili si sawa na hindi, kwa sababu kitovu chake kilikuwa juu, katikati ya zile nusu mbili. Kikikatika chini ya nusu hizo, mche umekufa hata kama bado ni wa kijani. Ng'oa, rudishia. Ukiona limebaki na nusu moja ya mbegu na kichipukizi kati, liache. Litachelewa lakini litaishi. Mashimo mengi ya namna hii yanamaanisha ukoko ulikuwa mgumu sana, au reki yako ilikwenda chini sana, au mbegu zilipondwa wakati wa kupura kwa fimbo.

Miche imekatwa usawa wa udongo na kulala pembeni. Hapo kuna sota, yule kiwavi mkata miche. Chokonoa udongo kuzunguka mche, utamkuta amejikunja kama herufi C, mnene, wa kijivu. Asubuhi na mapema ndiyo saa ya kumtafuta.

Shimo halina kitu kabisa. Udongo umechimbuliwa: kanga, kunguru, kindi au panya. Udongo haujachimbuliwa lakini mbegu imetobolewa: tafuta jongoo na mchwa.

Mbegu imevimba, laini, inanuka. Maji yalisimama, au mbegu ilikuwa ya zamani. Kama ulifanya hatua ya 2 unajua ni lipi kati ya hayo. Mbegu ambayo mzizi umeungua ncha na kuwa kahawia, iliyokaa juu ya punje za mbolea ya kupandia, imeunguzwa na mbolea. Safari ijayo weka udongo wa vidole viwili kati yao.

Miche imetoka ikiwa myembamba kama uzi, inalala. Ilipandwa chini sana, akiba ikaishia njiani. Ukiona pia shingo imesinyaa na kulowa usawa wa udongo, hicho ni kinyaushi, ugonjwa unaoozesha shingo za miche, punguza maji na ondoa matandazo kwenye mstari.

Kitunguu kimetoka kikiwa kitanzi, hakinyooki. Ndivyo kinavyotoka. Hupanda kikiwa kimepinda kama goti, kisha ncha yake inachomoka baadaye. Usiende kukinyoosha.

Alizeti imetoka imevaa ganda la mbegu kichwani. Swali hili huja kila msimu, hasa kutoka kwa wale walionielewa vibaya wakapanda juu juu kwa kuogopa ukoko. Udongo ukiwa na ukinzani wa kiasi, ganda linavuliwa njiani, linabaki chini. Ukipanda alizeti au boga sentimita moja kwenye udongo mwepesi, hakuna cha kulivua, na majani yanabanwa ndani. Usilibandue likiwa kavu. Linyunyizie maji asubuhi, subiri robo saa, kisha libane kwa vidole viwili ubavuni, litafunguka kama ganda la karanga. Likikataa, nyunyiza tena jioni. Mengi huanguka yenyewe siku ya pili.